Milia mirefu kwenye plota: tatizo si kisu

Mlia wa kwanza wa vinili (plastiki ya stika) wa mita 3 niliokata kwenye plota, mashine inayokata kwa kisu kidogo, niliutupa. Mita ya kwanza ilinyooka kama uzi, ya pili ikaanza kuhama, na nilipoupima, upana ulikuwa milimita 20 ncha moja na 18 ncha nyingine. Nikabadilisha kisu, nikaongeza nguvu ya kukata. Wapi! Mlia uliofuata ukatoka vilevile.

Kosa lilikuwa kwenye rola, yaani vinili iliyoviringishwa. Vinili ikivutwa moja kwa moja kutoka kwenye rola zito, inateleza kidogo kila mashine inapoivuta. Kwenye herufi ndogo huwezi kuona. Kwenye mita 3, mitelezo yote hiyo inajumlishana.

Siku hizi nakunjua kwanza vinili yote ya kazi, na nusu mita ya ziada, ilegee bila kuvutwa na kitu. Naupanga ukingo sambamba na alama za mashine, nashusha vigurudumu vya kubana, kisha naipeleka mbele urefu wote na kuirudisha kabla kisu hakijagusa chochote. Hapo nainama kabisa nautazama ukingo. Ukihama milimita 2 kwa kila mita, mwisho wa mita 3 umehama 6, kwa hiyo nainua vigurudumu na kupanga upya, hata mara tatu. Tafadhali usiruke hatua hii. Mashine ikipita mara moja inaacha alama ndogo za meno kwenye karatasi ya nyuma, na safari ya pili vinili inafuata njia hiyohiyo.

Halafu mchoro. Wengi huchora mstatili, kisu kinakwenda mita 3 na kurudi mita 3, ndiyo maana pembe ya mwisho haikutani na ya kwanza. Mimi nachora mistari miwili iliyo wazi, yote ikianzia upande mmoja. Milia ikipakana, mstari wa katikati nauchora mara moja tu. Ukikatwa mara mbili unaacha uzi mwembamba unaonyanyuka. Ncha nazikata kwa mkono, kwa rula.

Kasi naipunguza, hilo halina mjadala.

Kwenye kubandua, vuta mabaki ya vinili yanayouzunguka mlia, usivute mlia. Ule mwembamba wa milimita 5 nauvika tepu ya kuhamishia, inayoubeba kutoka kwenye karatasi hadi ukutani, ungali kwenye karatasi yake, kwa sababu ukiushika kwa vidole unanyumbuka, na ukifika ukutani unapinda.