Soketi ya Pikipiki Inayokata Chaji

Simu yangu ilikuwa ikilia "ting" kila gurudumu likiingia shimo. Ting, inachaji. Ting, imeacha. Baada ya saa mbili za njia mbovu, ramani ikiwa wazi muda wote, simu ikazima nami bado sijafika. Nikailaumu chaja, nikanunua nyingine. Ting. Nikanunua ya tatu, na hiyo nayo ikawa vilevile.

Siku moja nikaichomoa plagi na kuitazama juani. Ile ncha ya mbele yenye springi ilikuwa na doa jeusi, dogo kama kichwa cha kiberiti, na plastiki iliyoizunguka imeanza kulainika. Kumbe cheche zilikuwa zikiruka mle ndani kila ncha ilipoachana na soketi.

Soketi hii pana, ya milimita 21 hivi, asili yake ni kiwashio cha sigara cha gari. Springi inaisukuma ncha iguse kitako cha soketi, lakini springi hiyohiyo ndiyo inayoisukuma plagi itoke. Kwenye gari mambo yanakwenda. Kwenye pikipiki, injini ikitetemeka na barabara ikigonga, plagi inajitoa kidogo kidogo bila wewe kuona. Ndiyo maana nimeing'oa na kuweka aina nyingine ya soketi, ile nyembamba iitwayo DIN, ya milimita 12 hivi, ambayo plagi yake inaingia kwa kubana na kutulia. Ila uwe tayari kutafuta plagi zake, maana vifaa vingi havija nazo.

Nilidhani nimemaliza. Wapi! Chaji haikukatika tena, lakini ilipanda kwa kusuasua. Hapo ndipo nilipochukua multimita, kile kipimo cha umeme, na nikajifunza kwamba kupima soketi ikiwa tupu ni kujidanganya. Volti zinaonekana nzuri tu mpaka kitu kianze kula umeme. Kwa hiyo chomeka mzigo kwanza, yaani kifaa kinachokula umeme, uwashe, ndipo upime: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye hasi ya soketi. Panapaswa kuwa karibu na sifuri. Mimi nilikuta volti 1.4 zinapotea. Waya wa hasi, ule mafundi wanaouita ethi, ulikuwa umefungwa kwenye bati lililopakwa rangi, chini yake kuna kutu. Fanya hivyohivyo upande wa chanya.

Nikaacha kubahatisha, nikavuta nyaya zangu mbili kutoka betri. Fyuzi nimeiweka karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka popote mbele yake, fyuzi iwahi kukata. Katikati ipo rilei, swichi inayojiwasha kwa umeme, inayoamshwa na umeme wa taa ya nyuma, kwa hiyo nikizima kwa ufunguo, soketi nayo inalala. Bila hivyo, chaja iliyosahaulika inaweza kuinyonya betri polepole hata bila simu.

Kuhusu mzigo, gawanya wati kwa volti 12 za betri, upate ampea. Chaja ya simu ya wati 10 inakula takribani ampea 1 tu. Pampu ya kujazia tairi ni habari nyingine, nyingi zinavuta ampea 10 au zaidi, na fyuzi ya soketi za kiwandani mara nyingi haifiki huko. Pampu ifunge moja kwa moja kwenye betri kwa klipu zenye fyuzi yake. Na fyuzi ikiungua usiweke kubwa zaidi, tafadhali. Inalinda waya, na waya huo unapita chini ya tangi la petroli.

Viungo nilivilehemu mwanzoni kwa kujiona fundi. Lehemu hufanya waya uwe mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo mtetemo unapoukata. Sasa natumia vichwa vya kubana kwa koleo, kisha mpira wa kusinyaa kwa joto juu yake.

Kabla ya kurudisha tangi, geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uone waya haukazi shingoni. Halafu washa injini, chomeka simu, tikisa kila kiungo kwa mkono. Ikilia ting, fungua tena.