Polilaini yako imefungwa? Kwa anayeanza kupima eneo kwenye AutoCAD

Mwaka wangu wa kwanza kwenye ukadiriaji majenzi niliagiza vigae vya sebule, vikapungua. Sebule ilikuwa na umbo la herufi L: mita 6 kwa 3 mbele, na kipande cha 4 kwa 2 nyuma yake. Mtoto wa shule ya msingi atakwambia ni 18 jumlisha 8, mita za mraba 26. Mimi niliandika 16. Kwenye AutoCAD, programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, nilikuwa napitisha polilaini, yaani mstari mmoja wa vipande vilivyoungana, kwenye kona za chumba, nimeshabofya tano, simu ikaita, nikabonyeza Enter. Kona ya sita ikabaki. Nikaandika AREA, amri ya kupima eneo, nikachagua O (Object, yaani kitu kilichochorwa), nikagusa mstari, na jibu likaja bila kusita. Fundi alipopiga kutoka saiti kwamba boksi zimekwisha na chumba bado, kwanza nilimshuku yeye.

AutoCAD hailalamiki polilaini ikiwa wazi. Inapokokotoa eneo huchukulia kwamba kuna mstari mnyoofu kutoka ncha ya mwisho hadi ya mwanzo. Mstari huo usioonekana ndio ulionikatia pembetatu ya mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 10 kamili. Boksi la vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 hufunika 1.44, kwa hiyo nilipungukiwa boksi saba, na hapo sijahesabu vya kuvunjika. Ukifika kona ya mwisho andika C ili programu ifunge yenyewe. Kisha uguse polilaini, bonyeza Ctrl+1 kufungua orodha ya sifa zake, uangalie palipoandikwa Closed. Ikisema No, rudi kwenye kona zako kabla hujagusa namba yoyote.

Kosa la pili ni la vizio. Ramani nyingi za majengo ninazoletewa huchorwa kwa milimita, kwa hiyo ile 26 utaiona kama 26000000. Gawanya kwa milioni. Wengi wanaoanza hugawanya kwa elfu, kwa sababu ndivyo wanavyofanya kwenye urefu, wakasahau kwamba hapa pande zote mbili ziko kwenye milimita. Lakini usidhani kila faili ni la milimita. Kabla ya yote pima upana wa mlango mmoja kwa DI, amri ya kupima umbali: ukipata 900 uko kwenye milimita, 0.9 ni mita, 35 na kitu ni inchi. Ukipata namba isiyofanana na mlango wowote, kuna mtu alibadilisha ukubwa wa mchoro.

Na upime mstari wenyewe, usisome maandishi ya kipimo. Mchoraji mwenye haraka hubadilisha maandishi yakasomeka 4000 huku ukuta ameuacha kwenye 3850. Ukikuta hivyo usijiamulie. Muulize mbunifu, tena kwa maandishi.

BO, amri ya kuchora mpaka, ni tamu: unabofya katikati ya chumba, mpaka unajichora. Ila zima kwanza leya (matabaka ya mchoro) za samani, vipimo na maandishi, na uzibe nafasi za milango kwa mistari ya muda, la sivyo mpaka utatokea mlangoni ukazunguke korido. Nguzo iliyosimama katikati ya ukumbi hupata mpaka wake peke yake, na ukigusa ule wa nje tu, nguzo inabaki ndani ya hesabu. Kuitoa, ingia AREA, chagua A (kujumlisha) kisha O uguse ukumbi, bonyeza Enter, halafu S (kutoa) na O uguse nguzo. Kama inapaswa kutolewa au la, hilo soma kwenye kanuni za upimaji zilizotajwa katika mkataba wako.

Kwenye baraza la duara, chora kwa tao halisi. Nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 3 ina mita za mraba 14.14. Ukiizungusha kwa mistari minne minyoofu unapata 12.73, na boksi lako moja limekwenda.

Linalogombanisha watu zaidi, hata hivyo, halina amri ya kulitatua: umepima uso upi wa ukuta? Nyumba ya mita 12 kwa 9 kwa nje ni mita za mraba 108. Ondoa kuta za tofali za inchi 6, tuseme milimita 150, ndani unabaki na 101.79, na hapo kuta za vyumba bado. Namba zote mbili ni sahihi. Mwenye nyumba akisikia 108 kwa mbunifu na 101 kwako, ataamini mmoja wenu ni mwizi. Andika pembeni ya kila eneo: nje, ndani, au katikati ya ukuta.

Polilaini za kupimia usizifute ukimaliza. Ziweke kwenye leya yao, uzime uchapishaji wake. Yangu ni ya zambarau, na nimeshaiwasha mara nyingi mbele ya wakandarasi waliokuja wamekunja uso.