Joka lako liko Tanga: kurudi kwenye kalamu ukiwa safari ya kikazi

Wengi walioacha kuchora mazimwi na majoka husema kilichowashinda ni muda. Mimi siamini hivyo. Muda wa kukodolea simu tunao. Kinachokosekana ni macho kuona vitu vipya. Mtu anapita njia ileile kila siku, anakaa meza ileile, halafu jioni anataka kichwa kimletee kiumbe ambacho hakijawahi kuonekana duniani. Kitatoka wapi? Ndiyo maana nawaambia wenzangu wanaotumwa mikoani: hizo safari mnazozilalamikia ndizo zitakazowarudisha kwenye kalamu.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za maabara za hospitali. Nikipangiwa mkoa nalala gesti, naamka mapema, nafungua mashine, na mara nyingi nasubiri kipuri kije na basi kutoka Dar es Salaam. Nilipokuwa sekondari nilichora sana: majitu yenye pembe, ngome zinazoning'inia mawinguni, nyoka wa vichwa saba. Baadaye maisha yakanishika, kalamu ikabaki ya kujazia fomu. Tanga ndiyo iliyonirudisha, na haya ninayoyasema hapa nimeyapata huko.

Tuanze na vifaa, maana hapo ndipo watu humaliza hela kabla hawajachora chochote. Kalamu ya biki, ile ya bei ya chini kabisa dukani, inatosha kuanzia. Ukiigusisha kwa wepesi, kile kimpira cha kwenye ncha hutoa wino kidogo. Ukikandamiza, hutoa mwingi. Kwa kalamu moja unapata kijivu hafifu mpaka weusi kamili. Kalamu za wino wa pigmenti, kwa mfano Pigma Micron za Sakura, hazina uwezo huo. Kila namba ina unene wake, 01 ni milimita 0.25 na 05 ni milimita 0.45, na ukikandamiza utaiua ncha bure. Ubora wake ni kwamba wino wake ukishakauka hauogopi maji, wala haupauki upesi kwa mwanga. Biki inapauka. Pia hukusanya tone la wino kwenye ncha na kuliacha pale usipotaka, kwa hiyo weka kipande cha karatasi pembeni uwe unaifutia kila baada ya mistari michache.

Kalamu za kuchovya na vichupa vya wino viache nyumbani. Ukisafiri kwa ndege na kalamu ya kujaza wino, isimamishe ncha ikitazama juu, kwa sababu shinikizo la hewa ndani ya ndege likipungua, hewa iliyomo kwenye kalamu hutanuka na kuusukuma wino nje.

Daftari liwe dogo, saizi ya A5, linaloingia kwenye begi la kazi bila kukunjwa. Kama utapata karatasi ya gramu 120 kwenda juu, vizuri. Ya fotokopi ya gramu 80 ni ya mazoezi. Tanga ina joto la pwani lenye unyevunyevu, na karatasi huunywa unyevu huo. Karatasi iliyolegea hufyonza wino vibaya, mstari uliokusudia uwe mwembamba unatanuka na kuota vinyweleo pembeni. Mimi daftari langu hulala ndani ya faili la plastiki lenye kifungo, na ninapochora natandika karatasi safi chini ya kiganja ili jasho lisiguse mchoro. Haya yaonekane madogo tu, lakini kiganja chenye jasho kimeharibu michoro mingi kuliko mkono usiojua kuchora.

Sasa jambo lenyewe. Ukianza upya, usichore kiumbe kizima. Chora sehemu tu. Ukurasa mmoja uwe wa ngozi, mwingine wa pembe, mwingine wa kucha na mizizi na mawe, vyote kutoka kwa vitu ulivyovitazama mwenyewe kwa karibu. Kiumbe cha kubuni kinaaminika pale sehemu zake zinapokuwa za kweli. Mwaka 1515 kifaru kutoka India alifikishwa Lisbon kwa meli. Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, alikuwa Nuremberg na hakumwona kamwe. Alipata maelezo ya barua na mchoro mdogo wa mtu mwingine. Akamchora kwa kalamu na wino, kisha mchoro ukachongwa kwenye ubao na kuchapwa. Yule kifaru ana ngozi ya mabamba kama deraya na kipembe cha ziada mgongoni, na bado watu wa Ulaya waliendelea kumwamini kwa zaidi ya karne mbili. Ukitazama vizuri utaona sababu: kila bamba lina uzito, lina mkunjo, lina kivuli. Aliyelichora alikuwa ametazama vyuma na ngozi za kweli maisha yake yote.

Kwa kutafuta sehemu, Tanga ni hazina. Nenda Tongoni, kusini mwa mji kwenye barabara ya Pangani. Kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi kama 40, baadhi yakiwa na nguzo, nyingi zimeanguka. Yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wageni wengi hupiga picha ya nguzo na kuondoka. Wewe kaa mbele ya ukuta mmoja, sogeza uso karibu, utazame jiwe moja lisilozidi ukubwa wa kiganja. Lina vishimo vingi, vingine duara, vingine vimeungana na kuwa mifereji, na ndani ya baadhi unaona mistari midogo inayotoka katikati kama nyota, alama ya mnyama aliyeishi humo baharini zamani. Mvua imekula kingo, chokaa imeziba baadhi ya vishimo. Jiwe hilo lichore kwa nukta tupu, usitumie mstari hata mmoja. Nukta zisongamane penye vishimo na zipungue unapokaribia mwanga. Itakuchukua muda mrefu, lakini ukimaliza utakuwa na ngozi ya jitu la kale ambayo usingeweza kuifikiria ukiwa umelala kitandani gesti. Kwenye nguzo tazama pia zile nafasi za duara ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Mimi nilipoziona niliona matundu ya macho.

Mapango ya Amboni yanafundisha kivuli kuliko mwalimu yeyote. Ndani ni giza, na mwongozaji akimulika tochi unapata mwanga mmoja tu, kutoka upande mmoja, juu ya chokaa iliyokunjamana. Waongozaji wa pale hupenda kukuonyesha maumbo ya wanyama na vitu kwenye miamba. Wasikilize, kwa maana hilo ndilo zoezi la mchoraji wa viumbe vya kufikirika: kutazama jiwe mpaka mnyama ajitokeze. Kuchorea mle ndani si rahisi. Mimi huweka alama chache tu za mahali weusi unapoanzia, kisha nikitoka nje nakaa chini ya mti na kumalizia kabla kumbukumbu haijachuja.

Kazi ikikupeleka Muheza, panda Amani, kwenye milima ya Usambara, ukamtazame kinyonga wa pembe tatu wa huko. Dume lake lina pembe tatu za kweli usoni, na huna haja ya kuongeza chochote. Ukirudi pwani, mizizi ya mikoko huonekana maji yanapokupwa, na inafaa sana kwa miguu ya mazimwi ya majini.

Lakini kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha Tanga, ningechagua silikanti. Samaki huyu wanasayansi walimjua kwa visukuku tu, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, wakiamini alitoweka pamoja na dinosaria, miaka kama milioni 66 iliyopita, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wakaanza kumpata kwenye majarife waliyotega kina kirefu kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Huwezi kumwona ukitembea ufukweni, ila picha zake nzuri zipo mtandaoni, na ni halali kabisa kuchora kutoka kwenye picha ukiwa huku juu ya maji yaleyale. Tazama mapezi yake ya ubavuni na tumboni. Hayakuota moja kwa moja mwilini. Yametoka kwenye shina la nyama, nene, lenye magamba, ndipo pezi likachanua mwishoni. Mkia wake una ncha ya tatu ndogo katikati. Magamba ni mazito na yana vijinundu vikali. Joka langu la kwanza baada ya kurudi lilikuwa na mashina hayo badala ya miguu, na lilisimama imara kwenye karatasi kwa sababu maungo yake yanawezekana.

Ukichora magamba, usichore yote. Hapa wengi huchoka na kuacha daftari. Yachore kikamilifu pale mwanga unapokutana na kivuli, kwenye mpaka huo mwembamba. Upande wa mwanga acha karatasi nyeupe na vipande viwili vitatu vya ukingo. Upande wa kivuli funika kwa mistari, magamba yameze giza. Jicho la mtazamaji litajaza mengine. Kalamu haina rangi nyeupe ya kurudishia, kwa hiyo sehemu itakayobaki nyeupe iamue mapema kwa penseli hafifu. Ukimaliza wino, subiri ukauke kabisa kabla ya kufuta penseli. Kwenye unyevunyevu wa pwani subiri zaidi ya ulivyozoea.

Mistari ya kivuli iufuate mwili. Tumbo la duara lipate mistari iliyopinda, mguu upate mistari inayouzunguka. Safu ya pili ikikatiza ya kwanza, iinamishe kidogo tu. Ikikatiza kwa pembe mraba utapata neti ya mbu. Geuza daftari badala ya kuvunja kifundo cha mkono. Franklin Booth, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa Indiana mwaka 1874, alijifunza akiwa kijana kwa kuiga kwa kalamu picha za magazetini alizodhani zimechorwa kwa kalamu, kumbe zilichongwa kwenye mbao. Akawa bingwa wa mistari iliyolala pamoja kwa maelfu, mawingu na misitu yake ikisimama bila kukatizana sana. Tafuta michoro yake ukiwa na subira, uone jinsi nafasi kati ya mstari na mstari inavyofanya kazi ya rangi.

Kuhusu ratiba: basini usichore, tazama. Kutoka Chalinze mpaka Segera kuna vilima, mashamba ya mkonge na mawingu yanayokaa juu ya milima, na mtikisiko wa basi hautakupa mstari ulionyooka hata ufanyeje. Kalamu itoe ukisubiri kipuri, ukisubiri sahihi ya mganga mkuu, na jioni baada ya kula. Usijiwekee lengo la mchoro uliokamilika kila usiku. Pezi moja likikaa vizuri, lala.

Halafu kuna suala la watu. Usimchore mtu bila kumwomba, na karibu na bandari au kituo cha polisi uliza kwanza. Siku moja nilikaa kwenye baraza mtaa wa Ngamiani, mjini Tanga, daftari magotini, akaja mzee mmoja aliyekuwa anatoka msikitini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unachora nini hapo?"

"Nachora kinyonga, mzee, namtengeneza awe joka."

"Na roho utaitia wewe?"

"Siwezi, mzee."

"Basi chora miti, mwanangu. Miti haina lawama."

Hakunisema vibaya, alinishauri kama mzazi. Wapo wazee wengi wa pwani wenye msimamo huo juu ya kuchora viumbe wenye roho, na ukiwa barazani kwao uheshimu. Niligeuza ukurasa nikauchora mti wa mkungu uliotupa kivuli, yeye akakaa mpaka nilipomaliza shina, akanionyesha tawi lililokuwa limekatwa zamani na jinsi gome lilivyokuja kulifunika kidonda. Gome hilo nimelitumia mara nyingi tangu hapo, kwenye majoka niliyoyachora nikiwa peke yangu chumbani. Tangu siku hiyo nikiwa mitaani nachora milango, miti na mawe. Viumbe vinasubiri gesti. Kwa kweli kazi imekuwa nzuri zaidi, kwa sababu naingia chumbani na kurasa zilizojaa sehemu, badala ya wazo tupu.

Usiku kabla ya kurudi nyumbani, zitandaze kurasa hizo zote kitandani na uchague chache. Ngozi ya Tongoni, mapezi ya silikanti, pembe za Amani. Viunganishe kwenye karatasi moja safi, mwanga ukitoka upande mmoja kama tochi ya Amboni. Ukimaliza upige mchoro picha kwa simu karibu na dirisha asubuhi, bila kuwasha flashi, karatasi ikiwa imelala sawasawa. Wa biki utunze kwenye bahasha, mbali na jua. Kama unautaka ukutani, uchore tena kwa wino wa pigmenti, ndipo uutie fremu.