Jibu: Gemu ya kuunda kompyuta kabla ya kununua vifaa

Mkuu wa Moshi, umeuliza kama PC Building Simulator inafaa kupangia mashine ya ndoto kabla hujaja Arusha kununua vifaa. Inafaa, ila bei zake usizifuate. Ni za dola, hazijui nauli wala ushuru. Madukani hapa utakuta habari nyingine kabisa.

Faida yake ni kuona vifaa vinavyooana. Prosesa ya AM5 (soketi ya AMD iliyofuata AM4) haikai kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu, ya AM4, na AM5 inataka RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kizazi cha DDR5 tu, kwa hiyo zile DDR4 unazotaka kuchomoa kwenye desktopu ya mtumba zitabaki kabatini. Cheza sehemu ya kujenga huru, si ile ya ufundi, maana huko wateja watakusumbua bure. Angalia jumla ya wati, kisha chagua pawasaplai (kifaa kinacholisha mashine umeme) yenye akiba.

Umeme wetu wa kukatika haumo kwenye gemu. Weka UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika) kwenye bajeti kabla ya zile taa za rangi (najua unazipenda!).

Toleo la 2019 linatosha kujifunza kufunga. Kwa vifaa vipya zaidi, chukua la pili la 2022.