Safari 60 Bila Nguva Hata Mmoja: Je, Hatari Yake ni Ndogo?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya uhifadhi, ninasoma hapa Moshi. Utafiti wangu unahusu viumbe wa baharini walio hatarini kutoweka ambao hunaswa kwenye jarife, yaani wavu unaotegwa majini, pasipo kukusudiwa katika pwani ya Kilwa. Kuanzia Desemba hadi Februari waangalizi wetu walipanda vyombo vya wavuvi katika safari 60. Walirekodi kasa watano, taa wengi na papa wadogo kadhaa, lakini hawakuona nguva hata mmoja. Kwa hiyo katika rasimu yangu nimempa nguva daraja la hatari ndogo na kasa daraja la hatari kubwa. Mwenzangu anasema nimekosea, ilhali mimi naona nimefuata takwimu. Naomba unieleze nani yuko sahihi na daraja la hatari hupangwaje.

Mwanafunzi, Moshi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mwenzako yuko sahihi, na ninakusihi ubadilishe daraja hilo kabla rasimu haijatoka mikononi mwako. Ripoti ya namna hiyo ikimfikia mtu anayepanga fedha za doria, au anayejadiliana na wavuvi kuhusu eneo lisilotegwa jarife, ataisoma kama ruhusa ya kumwacha nguva nje ya mpango wake, na nguva wa pwani yetu hawana muda wa kusubiri toleo la pili la ripoti.

Tuanze na maana ya hatari katika kazi hii. Hatari haipimwi kwa idadi ya wanyama waliohesabiwa ndani ya chombo. Inapimwa kwa kulinganisha vitu viwili, yaani vifo ambavyo uvuvi unaweza kuwa unasababisha kwa mwaka, na vifo ambavyo spishi hiyo inaweza kuvistahimili bila kupungua. Rasimu yako ina kitu cha kwanza peke yake, tena kwa nusu, kwa kuwa umechukua kilichoonekana katika safari 60 ukakifanya kuwa ndicho kinachotokea katika safari zote.

Sifuri yako ina hesabu yake. Tukio lisipoonekana hata mara moja katika majaribio yaliyo huru, ukomo wa juu wa uwezekano wake, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, unakaribia 3 ukigawanya kwa idadi ya majaribio. Tatu kwa 60 ni 0.05. Maana yake ni kwamba takwimu zako zinakubaliana na hali ambapo nguva hanaswi kabisa, na zinakubaliana vilevile na hali ambapo nguva mmoja hunaswa katika kila safari 20. Sasa tuchukulie, kwa mfano, kwamba vyombo vya eneo lako hufanya safari 8,000 za jarife kwa mwaka. Namba halisi utaipata kwa kuunganisha sensa ya uvuvi na kumbukumbu za BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za bahari, za vijiji husika. Ukizidisha, unapata kwamba vifo vya nguva kwa mwaka vinaweza kuwa popote kati ya sifuri na 400. Bila shaka hakuna anayeamini kwamba wanafika 400, kwa sababu hata nguva wa kutosha kufa kwa idadi hiyo hawapo. Ninachotaka ukione ni kwamba safari 60 haziwezi kukuambia lolote kuhusu mnyama adimu kiasi hicho.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kasa. Watano katika safari 60, ukiweka mipaka ya makosa ya sampuli na kuzidisha kwa safari 8,000, wanakupa makadirio yanayoanzia takriban 200 hadi zaidi ya 1,500 kwa mwaka. Upana huo ndio ukweli wa takwimu zako, na unapaswa kuandikwa hivyo hivyo ulivyo, pamoja na spishi ya kila kasa, kwa maana ng'amba, ambaye yumo katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, hawezi kujumlishwa na kasa wengine kana kwamba ni wamoja.

Kitu cha pili ni kile ambacho spishi inaweza kukistahimili. Kanuni inayotumika sana kwa mamalia wa baharini iliingizwa katika sheria ya Marekani ya kuwalinda wanyama hao kwa marekebisho ya mwaka 1994, nayo ni nyepesi. Unachukua makadirio ya chini ya idadi ya wanyama, unazidisha kwa nusu ya kasi ya juu kabisa ambayo idadi yao inaweza kuongezeka kwa mwaka, kisha unazidisha kwa kigezo cha tahadhari kilicho kati ya 0.1 na 1, ambapo 0.1 huwekwa kwa walio katika hali mbaya zaidi. Nguva jike huchelewa kuzaa mara ya kwanza, hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, na hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Hata mazingira yakiwa mazuri kabisa, idadi yao haitarajiwi kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka.

Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, kwa makadirio kwamba waliokomaa hawafiki 250 katika ukanda mzima, na wengi wa hao waliosalia wako Bazaruto, Msumbiji. Tuitumie 250 kama makadirio ya chini ya ukanda wote: 250 mara 0.025 mara 0.1 ni 0.625. Hii ina maana kwamba nguva wote wa ukanda huu, ukijumlisha nchi zote, hawawezi kuhimili kifo kimoja kwa mwaka kinachosababishwa na binadamu. Ukiongeza nguva wachanga katika hesabu, au ukilegeza kigezo cha tahadhari, namba itapanda, lakini itabaki ndogo mno. Kwa eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa peke yake, ukikisia kwamba wapo 50, kiwango kinachovumilika ni 0.125, yaani nguva mmoja katika miaka minane.

Ili sampuli ya waangalizi peke yake iweze kuthibitisha kwamba vifo havizidi kimoja kwa mwaka, ungehitaji safari 24,000 zisizo na nguva, wakati safari zote za mwaka katika mfano wetu ni 8,000. Kwa hiyo usiniahidi kwamba utaongeza waangalizi. Kwa spishi adimu, njia hiyo haitoshi hata ukiwa na fedha.

Hapa ndipo mbinu ya kuchuja spishi kwa alama inapofaa, na pengine ndiyo mwenzako anayoirejelea. Mbinu hiyo iliendelezwa sana nchini Australia kwa ajili ya uvuvi usio na takwimu za kutosha. Kila spishi hupewa alama kutoka 1 hadi 3 kwa mambo mawili. La kwanza ni uwezo wake wa kuzaliana na kurudisha idadi yake, na anayezaliana polepole hupata 3. La pili ni urahisi wa kudhurika: je, eneo la uvuvi linaingiliana na makazi yake, je, jarife linatandazwa katika kina anachoishi, je, matundu ya jarife humnasa akilifikia, na je, akinaswa anakufa? Alama hizo mbili hupigwa kipeo cha pili, zikajumlishwa, kisha ukatafutwa kipeuo cha pili cha jumla. Kwa kawaida, matokeo yanayozidi 3.18 ni hatari kubwa na yaliyo chini ya 2.64 ni hatari ndogo. Nguva akipata 2.7 na 2.3, jibu ni 3.55. Nguva hula majani ya bahari kwenye maji ya kina kifupi, lazima apande juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache, na jarife hulala majini usiku kucha. Sioni unavyoweza kumshusha.

Kanuni moja ya mbinu hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote: pasipo na taarifa, unaweka 3. Kutojua hakumpi mnyama alama nzuri. Rasimu yako imefanya kinyume chake.

Kumbuka pia kwamba alama za kudhurika hubadilika pale wavuvi wanapobadilisha desturi zao. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa alitoweka zamani sana hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alithibitishwa kunaswa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 2003 huko Songo Mnara, ndani ya Kilwa yako hiyo hiyo, kisha wakafuata wengi Tanga katika jarife za papa zilizotegwa kwenye maji ya kina kirefu. Mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ikaanzishwa Tanga. Kwa hiyo waulize manahodha wako wanategea kina gani sasa, na walikuwa wakitegea kina gani miaka kumi iliyopita.

Jambo jingine katika barua yako limenisikitisha zaidi kuliko sifuri ya nguva, nalo ni maneno "taa wengi na papa wadogo kadhaa". Papa mdogo anaweza kuwa wa spishi ndogo inayozaliana haraka, na anaweza kuwa mtoto wa papa mwenye kichwa cha nyundo, ambaye baadhi ya spishi zake kubwa ziko hatarini kabisa kutoweka. Katika jedwali lako wote wawili wamelala mstari mmoja. Kama picha zilipigwa, zirudie leo na umtafute mtu wa kukusaidia kuzitambua. Kama hazikupigwa, andika waziwazi kwamba kundi hilo halikutambuliwa, ulipe alama ya 3, na safari zijazo kila mnyama apigwe picha juu, chini na mdomoni, pamoja na kipimo cha urefu na jinsia yake. Nguva na kasa hupendwa na wafadhili; papa na taa huishia kwenye safu ya "wengineo", na huko ndiko spishi inaweza kumalizika bila mtu kutambua.

Kuhusu sampuli yenyewe, safari zako zote ni za kaskazi, msimu wa upepo utokao kaskazini. Hujui kinachotokea wakati wa kusi, upepo wa kusini, na hujasema kama ulizigawa kati ya bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Safari si kipimo kizuri pia, kwa kuwa jarife la pisi (vipande vya wavu) kumi lililolala saa kumi na mbili halilingani na la pisi tatu lililolala saa nne. Rekodi urefu, ukubwa wa tundu, kina na muda. Sisi wa Arusha na Moshi tumezoea kuhesabu tembo na nyumbu kwa ndege, ambapo mhesabuji hambadilishi tembo njia. Chomboni ni tofauti: nahodha anayejua kwamba amebeba mwangalizi anaweza kukwepa majani ya bahari siku hiyo, na asubuhi inayofuata akarudi pale pale.

Kwa nguva, nenda kwenye mahojiano, lakini yapangwe vizuri. Kumvua nguva ni kosa kisheria, na ukimuuliza mvuvi moja kwa moja unamtaka ajishtaki. Mpe sarafu airushe bila wewe kuiona. Ikiangukia kichwa, ajibu "ndiyo" bila kujali ukweli. Ikiangukia upande wa pili, ajibu ukweli kuhusu miezi 12 iliyopita. Wavuvi 200 wakitoa "ndiyo" 118, takriban 100 zimetokana na sarafu, na 18 zilizobaki, kati ya 100 waliojibu ukweli, ni asilimia 18 walionasa nguva. Hakuna anayejulikana ni nani. Katika picha unazowaonyesha weka mnyama ambaye hayupo kabisa katika bahari yetu, ili ujue nani anakubali kila kitu. Wahoji pia wanawake wanaokaanga na kuuza samaki dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, kwa sababu nyama inayogawanywa usiku hupita mikononi mwao.

Katika rasimu, sehemu ya nguva iandike hivi: "Hakuna nguva aliyeonekana katika safari 60 za kaskazi, ukomo wa juu wa kunaswa ni takriban mmoja kwa safari 20, kiwango kinachovumilika ni chini ya mmoja kwa mwaka, takwimu hizi haziwezi kuondoa uwezekano wa hatari kubwa, na kwa sifa za kimaumbile spishi hii imewekwa katika daraja la hatari kubwa." Kisha nitumie dodoso lako la mahojiano kabla hujapanda basi la kwenda pwani, hasa swali la sarafu, tulipime kwanza kwa watu wasiokuwa wavuvi.