Ngoma ni Bure, Ghali ni Kitanda: Maswali Yenu Kuhusu Sherehe za Miji ya Ulaya

Niliandika hapa juu ya sherehe za mitaani za Ulaya nikidhani ni mada ya watu wachache. Kumbe wengi mna safari vichwani, wengine mna hata nauli mfukoni. Nimechagua maswali saba. Mliouliza kuhusu mechi za mpira, hayo siyawezi, muulizeni mwingine.

Dada, shikamoo. Nina siku tano za likizo mwezi Juni na nimejiwekea akiba miaka miwili. Nichague mji kwanza au tamasha kwanza? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Chagua tarehe kwanza, mji utakuja wenyewe. Mji ule ule unaoupata umelala Jumanne ya kawaida, wiki inayofuata unaweza kuukuta umemwagika wote barabarani.

Kwa Juni, mimi ningekupeleka Lisbon. Mtakatifu Antonio, ambaye dunia inamwita wa Padova, alizaliwa Lisbon, na wenyeji hawajasahau. Sikukuu yake ni tarehe 13 Juni, lakini shughuli yenyewe ni usiku wa tarehe 12. Mitaa ya zamani kama Alfama, Mouraria na Graça hutundikwa karatasi za rangi kutoka dirisha hadi dirisha, watu hutoa majiko ya mkaa mlangoni na kuchoma sadini, tena wabichi, si hawa wetu wa mkebe. Unawekewa samaki juu ya kipande cha mkate, unakula kwa vidole, na mafuta yanayochuruzika yanaufanya mkate kuwa mtamu kuliko samaki. Moshi ni kama wa Feri pale Dar es Salaam saa za mchana. Nguo utakazovaa usitegemee kuzivaa tena kabla ya kufua.

Kuna jambo jingine litakalomfurahisha mtu wa pwani: siku hizo wanauziana vyungu vidogo vya mrehani, kila kimoja kimechomekwa ua la karatasi na kibendera chenye shairi fupi la mapenzi. Desturi inakataza kuunusa mrehani kwa pua. Unaupapasa kwa kiganja, kisha unanusa kiganja. Usiku huo huo vikundi vya mitaa hushindana kwa gwaride katika barabara ya Avenida da Liberdade.

Fika tarehe 10 ili upumzike na kujua njia. Tarehe 13 ni siku ya mapumziko mjini, kwa hiyo mahitaji yako nunua mapema. Ukichelewa kupata ruhusa kazini, Porto wana yao usiku wa tarehe 23, ya Mtakatifu Yohana. Huko watu hugongana vichwani kwa nyundo za plastiki, wazee kwa watoto, na saa sita usiku fataki hurushwa juu ya mto Douro. Ukigongwa usikasirike, gonga nawe.

Na katikati ya hizo mbili kuna tarehe 21 Juni, sikukuu ya muziki Ufaransa iliyoanza 1982. Kila mwenye gitaa hutoka nje, na jua la Paris huzama karibu saa nne usiku. Usijaribu kuzikusanya zote tatu kwa siku tano. Utakachokumbuka ni viwanja vya ndege.

Mambo vipi dada? Nataka kuanza Paris, nivuke London kwa ajili ya sherehe ya barabarani ya Notting Hill, kisha nirudi Paris kupanda ndege ya nyumbani. Viza moja inatosha? Na tiketi ya sherehe inafaa kuwa ushahidi wa safari? (Kijana, Mwanza)

Poa, lakini haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi za Ulaya kama Ufaransa, inahusu nchi 29, na Uingereza haimo. Ireland nayo haimo. Utahitaji viza mbili, ada mbili, na subira mara mbili.

Tena kuna mtego katika njia yako. Ukiondoka Paris kwenda London umetoka Schengen. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, hutaweza kurudi tena Ufaransa, hata kama siku zako hazijaisha. Ama omba ya kuingia mara nyingi na ueleze sababu, ama panga ndege ya kurudi nyumbani itokee London. Mimi ningefanya hilo la pili, maombi yenyewe yanakuwa mepesi.

Schengen unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Hizo 15 usizitegemee. Kinachochelewesha ni miadi ya kupeleka makaratasi, na kabla ya kiangazi nafasi huisha. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Bima ya afya lazima ifikie angalau euro 30,000. Omba kupitia nchi ya Schengen utakayolala siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Viza ya kutembelea Uingereza huombwa kuanzia miezi 3 kabla.

Swali lako la pili, tiketi ya sherehe kama ushahidi: sherehe ya barabarani haina tiketi. Andika barua ya ukurasa mmoja, taja sherehe, tarehe, utakapolala na kazi unayorudia. Afisa anataka kuona kwamba safari yako ina mwanzo na mwisho.

Notting Hill yenyewe ni Jumapili na Jumatatu ya mwisho wa Agosti. Waliijenga watu wa Karibi waliohamia London, na imekuwa barabarani tangu miaka ya 1960. Utakuta maduka na nyumba zimepigiliwa mbao madirishani. Usidhani kuna vita, ni kinga dhidi ya umati. Kituo cha treni cha Ladbroke Grove hufungwa siku hizo, kwa hiyo shuka mbali kidogo utembee. Kama hupendi kubanwa, nenda Jumapili, ndiyo siku ya familia.

Bei za vyumba Edinburgh mwezi Agosti nilidhani ni za mwezi mzima, kumbe za usiku mmoja! Kuna ujanja? (Msomaji, Mombasa)

Upo, lakini hauondoi maumivu yote. Agosti Edinburgh inapokea tamasha la sanaa linaloitwa Fringe, yaani pindo. Mwaka 1947 vikundi vinane vya maigizo vilikuja bila kualikwa kwenye tamasha rasmi la mji, vikaonyesha kazi zao pembeni. Leo pindo limekuwa kubwa kuliko nguo, na kila chumba cha ziada mjini hukodishwa.

Lala Glasgow. Treni kati ya miji hiyo miwili huchukua kama dakika 50. Kabla hujanunua onyesho la usiku, angalia treni ya mwisho ni saa ngapi. Nenda katikati ya wiki, na ukiweza nenda siku za mwanzo ambapo maonyesho mengi hupunguza bei. Kisha kuna maonyesho yasiyo na kiingilio kabisa: unaingia, unatazama, na mlangoni msanii anasimama na kofia. Tia kitu. Kutoka hapo bila kutoa ni sawa na kula pilau ya harusi ukatoroka kabla ya kutunza.

Usifanye nilivyofanya mimi. Nilipata chumba cha mtu binafsi kwa bei nzuri, nikajisifu kwa rafiki zangu wote. Wiki mbili kabla ya safari mwenye chumba akafuta, na kesho yake nikakiona kile kile, na pazia lile lile la maua, kinatangazwa mara tatu ya bei. Tangu siku hiyo, kwenye msimu wa tamasha nalala mahali penye mapokezi na mtu wa kumlalamikia.

Assalaam alaykum bibie. Kazi inanipeleka Munich mwisho wa Septemba, na wenzangu wote wanazungumzia Oktoberfest, sherehe yao ya bia. Mimi sinywi. Nitafanya nini huko? Na vyakula vya soko za Krismasi je? (Msomaji, Muscat)

Waalaykum salaam. Kwanza usishangae sikukuu ya Oktoba kuwa Septemba: huanza Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe 15 Septemba na kwisha mwanzoni mwa Oktoba. Ilianza 1810 kwa harusi ya mwanamfalme Ludwig na Therese. Uwanja bado unaitwa kwa jina la bibi harusi, Theresienwiese, ingawa nadhani wengi wa waliomo hawamkumbuki.

Kuingia uwanjani ni bure, na nusu ya uwanja haina uhusiano na bia: ni pembea, magari ya kugongana, gurudumu kubwa, na harufu ya lozi zilizokaangwa kwa sukari. Nyama siyo ya kuchinjwa kwa utaratibu wetu, hivyo usihangaike kuuliza kila kibanda. Tafuta samaki mzima anayebanikwa kwenye kijiti, utashangaa jinsi anavyofanana na wa nyumbani. Nenda mchana. Kufikia jioni mahema ya bia yanakuwa ya watu waliosimama juu ya benchi, na hapo asiyekunywa anaona mambo ambayo wenzake watafurahi akiyasahau. Mkoba mkubwa uache hotelini, unaozidi lita 3 hauruhusiwi kuingia.

Vyakula vya soko za Krismasi umeuliza pia: soseji nyingi ni za nguruwe na kile kinywaji cha moto ni mvinyo. Kuna kinywaji cha watoto cha matunda, lakini taja wazi kwamba unataka kisicho na kilevi. Ukija kujichagulia safari mwenyewe mwezi Desemba, nenda Lyon badala yake. Mwaka 1852 tufani ilitishia kuharibu uzinduzi wa sanamu ya Bi Maryamu kilimani, na usiku wa tarehe 8 Desemba watu wakawasha mishumaa madirishani wenyewe. Bado wanawasha, na siku zinazoizunguka tarehe hiyo mji mzima hupambwa kwa taa. Kinachohitajika ni koti zito tu.

Tuna watoto wawili, miaka 6 na 9. Kuna sherehe ambayo hawataishia kulia? Ile ya Valencia je? (Mama, Arusha)

Amsterdam, tarehe 27 Aprili, siku ya kuzaliwa ya Mfalme Willem-Alexander wa Uholanzi. (Ikiangukia Jumapili hufanyika siku moja kabla, kama ilivyokuwa 2025.) Nchi nzima huvaa rangi ya machungwa na kila mtu huruhusiwa kuuza barabarani vitu vyake vilivyotumika. Bustani ya Vondelpark huachiwa watoto: mmoja anauza midoli yake ya zamani, mwingine anapiga fidla huku kasanduku kakiwa wazi mbele yake, mwingine ametengeneza mchezo wa kutupa mpira kwa senti hamsini. Mpe kila mtoto wako sarafu chache za euro na umwache abishane bei kwa ishara. Wangu alirudi na taa ya meza isiyowaka, na hadi leo hajakubali kuitupa.

Epuka mifereji ya katikati ya mji baada ya saa nane mchana, vijana wanakuwa wameshachangamka. Na kama Amsterdam imejaa, lala Utrecht: soko lao huanza jioni ya tarehe 26, saa kumi na mbili, na linaendelea mpaka kesho yake.

Valencia, uliyoitaja mwenyewe, siipendekezi kwa mtoto anayeogopa sauti. Ile ya Machi inaunguza sanamu kubwa mitaani usiku wa tarehe 19, jambo ambalo mtoto angelipenda. Tatizo ni kwamba kuanzia tarehe 1, kila siku saa nane mchana, wanalipua baruti katika uwanja wa manispaa kwa ajili ya mlio tu. Mlio unauhisi kifuani.

Kwa nini tarehe za kanivali ya Venice hazitulii? (Msomaji, Bujumbura)

Kwa sababu zinafuata Pasaka, na Pasaka inafuata mwezi, kama Idi inavyofuata mwezi, ila kwa hesabu nyingine: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa kuanzia Machi 21. Kanivali huisha Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu. Mwaka 2027 Jumanne hiyo ni Februari 9, na 2028 ni Februari 29. Cologne nao hufuata kalenda hiyo hiyo, na gwaride lao kubwa ni Jumatatu inayotangulia Jumanne hiyo. Kutazama barakoa vichochoroni ni bure.

Kuna sherehe uliyojuta kuiendea? (Msomaji, Kampala)

Karibu nijute Seville, ile ya takriban wiki mbili baada ya Pasaka. Nilikuwa nimeona picha: magauni ya madoa, farasi, mahema yenye taa. Picha hazikuniambia kwamba mahema mengi ni ya familia, vyama na kampuni, na mlangoni yuko mtu anayeuliza wewe ni mgeni wa nani. Nilizunguka saa mbili nikisikia makofi na magitaa ndani, mimi niko nje kama mpita njia kwenye harusi ya watu.

Mwishowe muuza maji akanionyesha mahema ya wilaya, ambayo ni ya umma. Yapo machache na yamejaa, ila hakuna anayekuuliza jina. Ndani, mama mmoja wa makamo aliniona nimesimama na mkoba wangu, akaninyang'anya, akauweka chini ya meza yake, akanivuta katikati kunifundisha kucheza. Hatukuwa na hata neno moja la pamoja. Ardhi ya uwanja ule ni mchanga wa manjano, na niliporudi hotelini ulikuwa umenifika magotini.