DJ, usiiage klabu kabla hujamaliza haya

DJ maarufu akiachana na klabu aliyoipigia miaka na miaka, Kampala huuliza jambo moja tu: kafukuzwa au kaondoka mwenyewe? Ikifika Jumatatu majibu yako kumi, mengine yana mwanamke ndani yake, mengine yana mganga. Mimi huuliza mengine. Jina la ule usiku wake limebaki kwa nani? Nywila za kurasa anazo nani? Na deni la kaunta limelipwa?

Nauliza hivyo kwa sababu nilikaa upande wa ofisi. Kwa miaka kadhaa nilishika hesabu na ratiba za ma-DJ kwenye klabu moja ya Kabalagala, mtaa ambao ukiupita usiku utasikia Kiganda, Kilingala, Kiswahili cha Nairobi na cha Goma kabla hujafika kona. Niliwaona wakija na begi moja mgongoni, wakapata jina, wakaondoka. Wengine waliondoka vizuri. Wengine walibeba hasira tu. Siku hizi nimehamia upande wao: wananiletea mikataba niwasomee, tunakunywa chai, tunabishana. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia, hasa wale waliodumu na nyumba moja mpaka wateja wanadhani wana hisa.

La kwanza huwaudhi. Umati ule si wako. Ukishika maikrofoni saa saba usiku na ukumbi mzima ukaitikia jina lako, ni rahisi kuamini kwamba watu wale watakufuata hata Entebbe. Watakufuata wachache. Wengi wamekuja kwa sababu ni Jumatano, na Jumatano wao hutoka. Wamekuja kwa sababu rafiki zao wako pale, gari lina pa kuegeshwa, baunsa anawajua, na bodaboda wa pale nje anajua kwao. Mwenye klabu naye asijipe moyo, umati si wake pia. Ni wa siku na wa mtaa. Waliotoka usiku enzi za klabu ya Ange Noir pale First Street, Industrial Area, wanakumbuka: jengo lile likaja kuitwa Guvnor, na magari yakaendelea kukata kona ile ile.

Kwa hiyo ukipiga hesabu ya kuondoka, usiingize umati kwenye hesabu. Ahadi za "DJ wetu, popote ulipo tupo" ziache huko huko kwenye maoni ya TikTok. Hesabu unachoweza kubeba kweli: jina lako, namba za watu wanaokupa kazi, kazi ulizorekodi, na namna wenye klabu wengine watakavyokusema ukishatoka. Hivyo vyote hutengenezwa ukiwa bado ndani. Ukishatangaza, mlango wa ofisi haufunguki kama zamani. Najua, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiufungua.

Jina, basi. Klabu hubuni usiku na kuupa jina: Alhamisi ya zilipendwa, usiku wa Lingala, usiku wa akina dada. DJ analitangaza mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka jina lake na la usiku vinashikana. Siku ya kuachana kila mmoja anadai ni lake. Hapa Uganda mambo hayo yana ofisi, nayo ni URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ndiko alama za biashara husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2010. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara, na kwenye orodha ya madaraja ya bidhaa na huduma, burudani iko daraja la 41. Nenda kasajili jina lako la kisanii wakati bado mnacheka na bosi. Hakuna atakayeshtuka. Ukisubiri ugomvi, unaweza kukuta kuna aliyekutangulia. Lakini jina la usiku, kama lilitoka kwenye kikao cha klabu na mabango yake yalilipiwa na klabu, mimi husema liache. Nimewahi kumwambia kijana hivyo akanuna wiki nzima. Anune. Jina jipya unalibuni ukiwa kwenye foleni ya Jinja Road, kesi itakumalizia miaka.

Rekodi ni mkanganyiko zaidi. Sheria ya hakimiliki ya 2006 inasema kazi aliyoitengeneza mwajiriwa akiwa kazini ni ya mwajiri, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Halafu mchanganyiko wenyewe una nyimbo za watu, kwa hiyo hata mkigombania, mnagombania kitu ambacho kila mmoja wenu angepata shida kukiuza. Unachohitaji ni kidogo tu: karatasi inayosema unaruhusiwa kubaki na nakala za maonyesho yako na kutumia video zako za pale, hata zenye nembo ya klabu, kujitangaza. Omba hilo kabla ya mengine yote. Wakubwa wengi hukubali kwa sababu haliwagharimu kitu.

Kurasa za mitandao nazo. Zamani kijana ndiye aliyekuwa na simu nzuri, kwa hiyo ukurasa wa klabu aliufungua yeye kwa barua pepe yake. Ukitoka, ukurasa unatoka na wewe, na hapo polisi wanaanza kutajwa. Urudishe mapema, mbele ya shahidi. Wako mwenyewe usiutegemee kupita kiasi: tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, kurasa zilizolimwa miaka mingi zilibaki kwa wenye VPN. Daftari la namba za simu halifungwi na serikali. Waliokupigia kuomba uwapigie muziki kwenye kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kabla ya ndoa), harusi au sherehe ya ofisi ni wateja wako. Walioacha namba mlangoni ili kuwekewa meza ni wa klabu, na tangu sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 kuondoka na orodha hiyo ni kujitafutia maneno. Angalia pia namba iliyoandikwa kwenye mabango yako. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Kuna aliyegundua siku ya mwisho kwamba miaka yote kazi zake za nje zilikuwa zikipita kwenye simu ya meneja.

Sasa kaunta. Hapa ndipo nimeona ma-DJ wengi wakiumia kuliko kwenye mkataba.

Kila klabu ina kaunta buku, lile lenye jalada gumu, na DJ ana ukurasa wake. Anakunywa, anaandikiwa, mwisho wa mwezi anakatwa. Kijana mmoja wa Busia, mji niliozaliwa mimi, alikuja kuchukua malipo yake ya mwisho akiwa amevaa shati la kwenda kanisani. Nikamfungulia kitabu. Bia za Nile Special nne, jini ya Uganda Waragi chupa ndogo, muchomo (nyama choma) sahani mbili, Nile Special sita, na kadhalika, ukurasa kwa ukurasa, kwa kalamu za rangi tofauti na miandiko tofauti. Alikaa akipitisha kidole kwenye kila sahihi. Yake ilikuwa na mkia mrefu, rahisi kuitambua, na haikuwepo kwenye hata nusu ya mistari ile. Mahali pengine paliandikwa tu "kaka wa DJ".

"Dada," akaniambia, "mimi nyumbani ni mwana wa pekee. Huyu kaka ametoka wapi?"

Tulicheka, lakini pesa zilikuwa zimeshahesabiwa. Nilikata kila mstari usio na sahihi yake, na meneja akanuna kwa sababu sasa zile chupa zilikuwa za kuelezwa na yeye. Si kila ofisi itakufanyia hivyo. Miezi mitatu kabla ya kuondoka, mwambie mtu wa kaunta kwa maandishi: kuanzia leo hakuna kinywaji kwa jina langu bila sahihi yangu. Kisha kunywa kwa pesa yako. Marafiki watapungua ghafla, na hiyo nayo ni habari njema kuijua mapema.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Orodha mbili, za kwako na za klabu, zimetiwa sahihi: mixa, kontrola, hedifoni, waya, hata zile adapta ndogo zinazopotea kila Ijumaa. Kwenye kompyuta ya klabu, toka kwenye akaunti zako zote na uondoe muziki wako. Fanya asubuhi wafagiaji wakiwa kazini. Usiku kila mtu ana haraka.

Mkataba je? Wengi hawajui kama wao ni waajiriwa au ni watu wa kulipwa kwa usiku. Corona iliwafundisha kwa ukali. Klabu zilifungwa Machi 2020, zikaja kufunguliwa tarehe 24 Januari 2022, na katikati hapo waliozoea kuambiwa "wewe ni mtoto wa nyumbani" walijibiwa kwamba malipo ni ya usiku na usiku haupo. Kama wewe ni mwajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2006 inakulinda na inakubana pia: aliyefanya kazi mwaka 1 hadi 5, notisi ni mwezi 1, miaka 5 hadi 10, miezi 2, miaka 10 na zaidi, miezi 3. Ni kwa pande zote mbili, kwa hiyo yule DJ wa miaka kumi na kitu anayetuma ujumbe wa WhatsApp Alhamisi na Ijumaa yuko klabu nyingine amempa bosi fimbo ya kumchapia. Dai cheti cha utumishi. Fungua programu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwenye simu uone kama michango imefika, asilimia 10 ya mwajiri na 5 yako. Tangu marekebisho ya 2022 kila mwajiri anapaswa kuchangia, hata mwenye wafanyakazi wawili. Ukikwama, nenda kwa afisa wa kazi kabla ya kwenda kwa mtangazaji wa umbea.

Kama unalipwa kwa usiku, notisi ni ile iliyoandikwa kwenye mkataba, na kama mkataba haupo, ungwana wako. Kama walikuwa wakikukata kodi ya zuio ya asilimia 6, omba vyeti vyake, maana hiyo ni kodi uliyokwisha kuilipa na unaweza kuidai kwenye hesabu zako za URA, mamlaka ya mapato. Halafu soma kifungu cha kukuzuia kupiga muziki kwingine. Wakikuwekea mwaka mzima na Kampala nzima, kataa. Mimi huwaambia wakubali siku ile ile ya wiki, mtaa ule ule, miezi mitatu. Ukikubali kukaa mbali na Jumatano ya Kabalagala kwa muda huo hujapoteza kitu, maana Jumatano ile, kama nilivyosema, haikuwa yako.

Muda wa kuondoka una siasa yake. Desemba ndiyo mavuno. Ukitoka Novemba mwishoni, bosi atakuchukia kwa haki, na wewe utaingia nyumba mpya ambayo ratiba imeshajaa. Januari ni ukame, watu wanalipa ada ya shule, hakuna klabu inayotaka kuongeza mshahara. Ukiweza, toa notisi kwenye Julai au Agosti. Unapata Septemba na Oktoba za kujulikana upya, na sherehe za mwisho wa mwaka zinaanza kukodiwa ukiwa tayari umesimama. Pumzika wiki mbili katikati, masikio nayo ni ya Mungu.

Tangazo liwe fupi na litoke siku moja pande zote mbili, maneno mkiwa mmekubaliana. Usitaje uendako. Usimtaje meneja. Na usitangaze saa kumi alfajiri ukiwa bado na waragi kichwani, simu iache kwa mkeo.

Usiku wa kuaga ufanyeni kama mmekosana kidogo tu. Kama mmekosana sana, uacheni. Kabla bango halijachapwa, patana pesa ya getini inagawanywaje na nani anakaa pale getini kuhesabu, na nusu ya malipo yako iingie kwenye simu kabla hujagusa mashine. Mwachie DJ wa kufungua, yule mdogo ambaye kwa miaka amepiga saa tatu usiku kwa meza tupu, nusu saa nzima ya saa saba. Mtaje kwa jina. Mwenye klabu atakumbuka kwamba hukumwacha na shimo, na akipigiwa simu na mwenzake wa Bukoto kuulizwa habari zako, hicho ndicho atakachosema.

Miezi ya kwanza kwenye nyumba mpya ukumbi utakuwa mwembamba. Usipige zile nyimbo za kule ukitaka kuwavuta watu wa kule. Wako kule, ni Jumatano. Wapigie hawa walioko mbele yako, hata wakiwa meza tatu na mhudumu mmoja anayecheza peke yake karibu na friji. Na siku ukienda klabu ya zamani kama mteja, lipa getini kama wengine, salimia baunsa, kaa mbali na kibanda cha DJ. Kijana yuko kazini, na akikuona umesimama pale na mikono mfukoni atakosea kuunganisha wimbo.